Uzi: Bango la muziki A2 la kuchapa kwa skrini (wino unasukumwa kupita kwenye wavu), rangi tatu. Nyeusi inahama kadiri mchana unavyoingia. Fremu, karatasi au mkono?

#1 Fremu_Malindi
Wadau, salamu. Naleta hoja, na anayepinga apinge kwa vipimo: fremu ya mbao haifai pwani kwa bango la zaidi ya rangi mbili.

Kazi yenyewe ni bango la A2 (420 × 594 mm) la ukumbi wa muziki hapa Malindi, usiku wa taarabu, nakala 120. Kadi nyeupe gramu 250, wino wa maji wa akriliki, wavu nyuzi 77 kwa sentimita, raba ya kusukumia wino yenye ugumu wa Shore 70, mwanya milimita 3 kati ya wavu na karatasi. Fremu za mbao, wavu umepigwa stapla. Manjano ilichapwa jana mchana, nyekundu leo saa moja asubuhi, nyeusi kuanzia saa saba mchana.

Nyeusi imekaa sawasawa katikati ya bango. Kwenye ncha mbili za ule urefu wa 594 imetoka nje: nusu milimita nakala za mwanzo, milimita nzima nakala za mwisho. Upande wa 420 haionekani kasoro yoyote. Mbao imevimba kwa unyevu, ikavuta wavu. Nani ana maelezo mengine?

#2 Mvuta_Raba
Mbao haivimbi kwa urefu, ndugu. Ubao hunenepa kwa upana na unene, lakini kufuata nyuzi zake karibu haubadiliki. Fremu ya sentimita 70 haiwezi kukurefushia picha milimita mbili. Inachofanya mbao ni kupinda: kona moja inanyanyuka, mwanya unakuwa 3 huku na 6 kule. Ilaze fremu juu ya kioo kinene, gonga kila kona kwa kidole. Ikicheza, imepinda. Ila kasoro ya kupinda huwa upande mmoja. Yako iko ncha zote mbili, sawa kwa sawa.

#3 BiKaratasi
Asante mleta mada kwa kuweka vipimo, wengi huandika tu "rangi imehama". Hiyo ni karatasi. Kadi hupumua unyevu, na hubadilika zaidi kukata nyuzi zake kuliko kuzifuata. Ikibadilika kwa 0.2% tu, kwenye 594 ni milimita 1.2, yaani 0.6 kila ncha ukipima kutoka katikati. Upande wa pili, unaofuata nyuzi, huoni kitu. Umeeleza ugonjwa huohuo.

Hakikisha uelekeo wa nyuzi. Kata kipande cha mraba, kilowanishe upande mmoja kwa sponji. Kitajikunja kama mrija, na urefu wa huo mrija ndio uelekeo wa nyuzi. Kama mrija umelala sambamba na ule upande wa 420, jibu unalo.

#4 Kizingitini_7
Bi, naafiki. Mchana hewa ya bahari inaingia ukumbini, karatasi inanyonya na kupanuka.

#5 BiKaratasi
Hapana, ni kinyume chake. Alfajiri na asubuhi ndiyo hewa imeshiba unyevu. Joto likipanda mchana, unyevu wa hewa kwa uwiano hushuka, hata kama upepo unatoka baharini. Kwa hiyo kadi yake *imenywea* mchana. Ndiyo maana nyeusi inaonekana kubwa: picha ya wavuni haikukua, ni bango lililopungua chini yake. Kama kadi ingepanuka, nyeusi ingeingia ndani.

#6 Mvuta_Raba
Bi, hapo nakuuliza. Manjano ilichapwa mchana wa jana, nyekundu asubuhi ya leo, na mleta mada halalamikii nyekundu. Kama kadi ndiyo inacheza, nyekundu ya asubuhi ilipaswa kukosana na manjano ya mchana.

#7 Fremu_Malindi
Nyekundu ni umbo la udi (ala ya taarabu) peke yake, katikati, upana kama sentimita 15. Manjano ni ardhi nzima ya bango, yaani rangi ya chini, nyeusi ni maandishi na mpaka wa pembeni. Nimefanya jaribio la sponji: mrija umelala sambamba na 420. Kwa hiyo Bi amesema kweli kuhusu nyuzi.

#8 BiKaratasi
Basi nyekundu haiwezi kutoa ushahidi. Kwenye sentimita 15 za katikati, 0.2% ni milimita 0.3 jumla, jicho haliioni.

Halafu hilo la ardhi nzima ya manjano kwa wino wa maji ni kulowesha kadi uso mzima. Inavimba, kisha inakauka na mara nyingi hairudi pale ilipoanzia. Ulizikausha wapi?

#9 Fremu_Malindi
Kwenye kamba uani, vibanio viwili juu. Kivuli, ila joto lipo.

#10 AmuSkrini
Wenzangu mnanishangaza, hakuna aliyeuliza wino. Saa saba, upepo wa bahari, wino wa maji, wavu 77. Wino unaanza kukauka ndani ya matundu kuanzia nakala ya ishirini au thelathini. Chapa inafifia, mvutaji anakaza mkono. Ukikaza, raba inaburura wavu na picha inarefuka kufuata mvuto. Hivyo ndivyo nusu milimita inavyokuwa milimita nzima kadiri kazi inavyosonga. Sheikh, raba ulivuta kufuata 594 au 420?

#11 Fremu_Malindi
Kufuata 594.

#12 AmuSkrini
Haya. Sasa kunywea kwa kadi na mvuto viko njia moja, kila mtu ana haki ya kudai ushindi.

Dawa ya wino mkavu, kwa anayefuatilia: dawa ya kuchelewesha kukauka, 5% ya uzito wa wino wakati wa asubuhi, mpaka 10% yua likiwa kali. Ukizidisha hapo wino unabaki unanata na mabango yanashikana kwenye rundo. Kila baada ya mvuto mmoja rudisha wino juu ya wavu bila kubana, ukiwa umeunyanyua kidogo, ili matundu yabaki yamefunikwa wakati unabadilisha karatasi. Feni isielekee wavu hata kidogo. Chupa ya kunyunyizia mai iwe karibu, mai matamu. Mai ya kisima yenye munyu yakikauka kwenye wavu yanaacha chembe, na kila chembe ni tundu lililoziba.

#13 DadaFilamu
Samahani nachelewa kuingia. Filamu za hizo rangi, zile plastiki angavu zenye picha ya kuchomea wavu, zilitoka printa gani? Kama ni leza, moto wa roli hunyweza plastiki, na shiti inayopita printa ikiwa baridi hainywei sawa na ile inayopita baada ya kurasa kumi. Filamu ya nyeusi ikitoka siku nyingine, si saizi moja na ya manjano tena. Chukua rula ya chuma, pima kutoka alama ya kulenga ya kushoto hadi ya kulia kwenye filamu zote tatu.

Na kama A2 ilitolewa kwa A3 mbili zikaungwa kwa tepu, pima pale kwenye kiungo kwanza.

#14 Mvuta_Raba
Dada, filamu haiwezi kueleza kuongezeka. Filamu ikikosea nusu milimita, itakosea nusu milimita nakala zote 120.

#15 DadaFilamu
Ndiyo, inaeleza ile nusu ya mwanzo. Iliyobaki gombaneni nyinyi.

#16 Fremu_Malindi
Nimepima, na filamu ni leza, A3 mbili zilizoungwa kwa tepu. Manjano 560.0, nyekundu 560.0, nyeusi 560.5. Kwa hiyo robo milimita kila ncha ni ya filamu.

#17 Mzee_wa_Wino
Vijana hongereni, uzi wa namna hii unasomeka. Naongeza moja ambayo haijaguswa: mkazo wa wavu. Wavu wa fremu ya alumini iliyovutwa kwa mashine na kugandishwa kwa gundi hukaa Newton 20 hadi 25 kwa sentimita. Wa stapla kwa mkono hufika nusu ya hapo ukibahatika, na kila kukicha unalegea. Ukilegea, mwanya wa milimita 3 hautoshi, wavu haubanduki nyuma ya raba, unaganda kwenye wino. Fundi anaongeza mwanya hadi 6 au 7. Sasa raba inausukuma wavu mbali zaidi, unavutika, na picha inakua. Inakua ncha zote mbili, si moja.

Halafu stapla zenyewe. Pwani zinashika kutu mapema mno. Kutu inakata nyuzi, wavu unaachia tundu moja moja bila mtu kuona. Tumia za chuma kisichoshika kutu, ziwe mshazari, na juu yake ukanda wa kitambaa kigumu ili stapla isikate wavu.

Na je, huo wavu ni poliesta kweli? Organza ya pazia inayouzwa kama wavu wa kuchapia mara nyingine ni nailoni. Nailoni hunywa maji na kulegea, poliesta karibu hainywi. Bonyeza wavu mkavu kwa kidole, uloweshe dakika kumi, bonyeza tena. Ukibonyea zaidi, si wa bango la rangi tatu.

#18 Kizingitini_7
Mzee, na emalsheni, ile dawa ya wavu inayogandishwa kwa mwanga? Kwangu huku Pate inatoka yote wakati wa kuosha, hasa miezi ya mvua. Nimeianika juani dakika nzima iive, bado inaondoka.

#19 AmuSkrini
Hiyo haikukauka kabla ya kuchomwa kwa mwanga. Emalsheni ya diazo yenye unyevu haishiki hata ukiichoma saa nzima, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yanazuia igande. Hali ya kusi na mvua ya masika, kuilaza usiku kucha chumbani hakutoshi. Chumba kidogo cha giza, taa ya manjano, feni, na kama ipo mashine ya kunyonya unyevu. Fremu ilale uso wa kuchapia chini, ili emalsheni itulie upande unaogusa karatasi. Paka mara moja kila upande, kisha mara moja tena upande wa ndani. Ukipaka tabaka nne unajitafutia nje kavu ndani mbichi.

Kuhusu yua: kata kadi nyeusi, funika filamu, funua kipande kila sekunde 15 mpaka dakika mbili. Kipande ambacho hakiteleziki kwa kidole upande wa ndani na mistari yake myembamba bado wazi ndicho muda wako, kwa emalsheni hiyo, saa hiyo ya siku. Fremu iielekee nuru uso kwa uso. Ukiiacha chini wakati wa saa tatu asubuhi, mwanga unaingia kwa mshazari chini ya wino wa filamu na kula mistari. Kioo juu, sponji nyeusi chini, uzito wa kutosha. Fotopolima, aina nyingine ya emalsheni, usiichome kwa yua, inaiva kwa sekunde chache, hujapata kuifunika tayari imepita.

#20 Mchoraji_Watamu
Naomba nitetee usanifu, maana mnalitibu bango kama mashine. Tatizo lingepungua mezani kabla ya kufika kwenye wavu. Mpaka mweusi wa pembeni juu ya ukingo wa manjano ni kujitakia mtihani, ndiyo sehemu ya mbali zaidi na katikati. Toa mpaka. Au iache manjano ipite chini ya nyeusi milimita 1 hadi 1.5 pande zote. Herufi nyeusi zichapwe juu ya manjano nzima, zisikatiwe nafasi. Mabango ya kumbi za San Francisco ya miaka ya 1960 yalichapwa kwa skrini hivihivi, rangi zikipandana, na hakuna aliyelalamika.

#21 Mzee_wa_Wino
Usanifu nakubaliana nawe, historia hapana. Mabango ya ukumbi wa Fillmore wa huko San Francisco ya kuanzia 1966, aliyokuwa akiyaagiza mwandaaji wa maonyesho Bill Graham, kwa sehemu kubwa yalichapwa kwa ofseti, yaani kwa mashine, si kwa wavu. Wes Wilson, msanifu wao mwenye zile herufi zinazoyeyuka, mwenyewe alitoka kwenye kiwanda cha uchapaji. Bango la muziki la skrini lilipata nguvu mpya Marekani baadaye sana, kwenye miaka ya 1980 na 1990, na mmoja wa waliolisukuma ni msanii Frank Kozik kule Austin. Hatch Show Print ya Nashville, iliyoanza 1879, ni herufi za mbao zilizopakwa wino na kugandamizwa, tena si skrini.

Somo zuri zaidi hapo ni la Victor Moscoso, msanifu mwingine wa mabango hayo. Alisoma Yale, Josef Albers akiwa mwalimu wake, akajifunza kwamba rangi mbili zinazopingana, nyekundu na kijani kwa mfano, zikiwa na mwanga sawa, hutetemeka machoni zikigusana. Sasa fikiria hilo na kasoro ya milimita moja. Kwenye rangi zinazotetemeka ufa mweupe wa karatasi unaua kazi yote. Anayetaka mtindo huo lazima arekebishe rejista kwanza, yaani kila rangi ikae mahali pake.

#22 Mchoraji_Watamu
Shukran Mzee, nimesahihishika.

Ila kuna tofauti ya Malindi na Lamu ambayo wasanifu wa Nairobi huikosa. Bango la Malindi linasomwa na abiria wa tuktuk. Lina sekunde mbili: jina la msanii, siku, mahali. Kwa kusomeka vizuri mbali, piga hesabu ya herufi ya milimita 25 kwa kila mita 3. Bango la kusomwa kutoka mita 12 linataka herufi za milimita 100, na kwenye A2 hazienei nyingi. Lamu watu wanapita kwa miguu, kichochoro ni chembamba, msomaji yuko hatua moja kutoka ukutani. Pale unaweza kuweka nakshi, beti, orodha ya wapiga ala, hata herufi za milimita 4, na zitasomwa.

#23 DadaFilamu
Nakshi sawa, lakini nyuzi za udi ukizichora 0.2 mm kwenye wavu 77 zitakatika vipande. Zipe 0.5. Na kama ni picha ya uso wa msanii, vitone vinavyoijenga picha viwe mistari 15 hadi 18 kwa sentimita kwa wavu huo, maana wavu unapaswa kuwa na nyuzi mara nne au tano ya mistari. Pembe ya mistari ya vitone iwe digrii 22.5, la sivyo uso unajaa mawimbi.

#24 AmuSkrini
Maadamu Lamu imetajwa: msigandishe mabango kwa uji wa unga kwenye kuta za Mji wa Kale. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, gundi inauziba, na ukibandua bango chokaa inatoka nalo. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwemo ukuta ni wa mtu. Tumieni ubao, bango litobolewe kona nne na kufungwa kwa uzi. Likimalizika kazi linatoka zima, na mabango mazima watu wanayanunua.

#25 Kizingitini_7
Yakitoka mazima, na yakiwa bado na rangi. Zile pinki na machungwa zinazowaka hufifia haraka sana juani.

#26 Mzee_wa_Wino
Rangi zinazowaka zote zina udhaifu huo, hata kampuni ikikuahidi vipi. Nyeusi ya kaboni, buluu ya fthalo na nyekundu ya udongo, yaani ya oksidi ya chuma, ndizo zinazodumu. Siku na mahali viandikwe kwa hizo. Inayowaka iwe pambo, na chini yake iwe karatasi nyeupe tupu au wino mweupe, kwa sababu haizibi kilicho chini.

#27 Mvuta_Raba
Turudi kwenye mada. Hesabu ya mleta mada: kosa la mwisho milimita 1 kila ncha. Filamu 0.25. Kadi ya Bi, tukimpa 0.2% yake yote, 0.6. Inabaki kama 0.15 ya mkono na mkazo. Mimi siamini kadi ilinywea 0.2% kati ya saa saba na saa tisa.

#28 BiKaratasi
Si lazima iwe kati ya saa saba na tisa. Zilikuwa kwenye rundo. Za juu na za pembeni hukauka kwanza, za kati zinabaki na unyevu wa asubuhi. Ulianza kuchukua kutoka juu au katikati ya rundo, mleta mada?

#29 Fremu_Malindi
Kutoka juu. Na chache za mwisho ndizo zilizokaa wazi mezani muda mrefu zaidi, maana rundo lilishagawanywa.

#30 Mvuta_Raba
Kama za juu zilikauka kwanza, basi nakala za kwanza zingekuwa mbaya kuliko za katikati. Hazikuwa.

#31 BiKaratasi
Isipokuwa zile za katikati nazo zilikuwa zinakauka kila zinapofikiwa, kwa kuwa rundo linapungua. Toa mkono kwenye jaribio tuone.

#32 Fremu_Malindi
Nafanya hivi, mnisahihishe. Kadi kumi tupu za rundo lilelile, kila moja mistari miwili ya kalamu ngumu, 500 mm kati yake, kukata nyuzi. Tano zinaning'inizwa wazi, tano zinabaki ndani ya plastiki iliyofungwa. Napima saa moja asubuhi, saa saba, saa kumi. Siku hiyohiyo nachapa nyeusi kwenye kadi nyingine kwa mwanya wa 3, halafu wa 6, raba ileile, na kupima picha.

#33 Mzee_wa_Wino
Vizuri. Ongeza nakala chache ukivuta kufuata 420, bango likiwa limegeuzwa robo mzunguko chini ya wavu. Hapo kunywea kwa kadi na mvuto vitaachana njia. Na stopa, vile vizuizi vya kuegemeza karatasi, ziwe tatu: mbili upande mrefu, moja upande mfupi, kona ileile kwa rangi zote. Rimu nyingi hazikatwi mraba kamili, kona ikibadilika unapata kosa jipya juu ya la zamani.

#34 DadaFilamu
Na filamu mpya ya nyeusi itoke pamoja na zile mbili, kwa mkupuo mmoja, printa ikiwa imeshapata moto.

#35 Kizingitini_7
Fremu ya nyeusi ya zamani utaifuta kwa dawa gani? Hapa wengi wanatumia dawa ya kung'arisha nguo.

#36 AmuSkrini
Ile ya klorini inaitoa diazo, ila usiiache ikaukie kwenye wavu, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine, hasa yenye asidi, gesi yake inaumiza mapafu. Dawa yake halisi ni sodiamu metaperiodeti: paka pande zote mbili, sugua, subiri dakika moja au mbili, kisha pampu ya presha. Nayo pia ikikaukia wavuni, emalsheni inagandia humo daima. Suuza ya mwisho iwe ya mai ya mvua.